Mkwe Nyuma ya Kabati la Vitabu

Bariadi,
Alhamisi, 6 Juni 2024

Dada Minza, shikamoo. Mwangaluka hapo Malampaka!

Nimeingia maktaba! Mimi Wilhelmina, mjane wa Ipililo, niliyeachia shule darasa la nne nikachunge ng'ombe wa baba, leo nimekaa maktaba tangu asubuhi mpaka walipoanza kufunga madirisha. Ningekupigia simu nikumwagie yote mara moja, lakini wewe na masikio yako simu unaishika tu kama kipande cha sabuni. Kwa hiyo soma. Barua nampa kondakta wa basi, yule mrefu.

Unajua nilivyokuwa. Tangu nihamie hapa mjini kwa mwanangu Elia, wao wakienda kazini mimi nabaki na televisheni, nayo inaongea peke yake, haitaki kujibiwa. Nilikuwa nafagia uwanja ambao umeshafagiliwa. Leo natoka sokoni nikamwona Mzee Mayige, yule mstaafu wa kiwanda cha pamba, anatoka kwenye jengo moja na miwani usoni, anabishana na gazeti. Nikamwuliza, mzee, hapo ndipo ofisi ya ardhi? Akacheka mpaka akashika ukuta. "Ni maktaba, mayu. Ingia, hawang'ati."

Weee, dada! Kuna binti anaitwa Precious, mtoto wa Moshi, ndiye mkutubi. Sikuulizwa cheti wala sare. Nilipewa kiti chenye mto, nikaletewa kikapu cha miwani ya kuazima. Jaribu hii, jaribu hii, ya tatu maandishi yakaja yenyewe! Nimesoma gazeti zima, mpaka matangazo ya vifo. Kumbe macho yangu hayajafa.

Na kila Alhamisi ni siku ya wazee. Tunanyoosha viungo, halafu Precious anatusomea vijitabu vya afya, mambo ya chumvi, sukari, presha, na sisi tunambishia. Anasema anatafuta mtaalamu wa kuja kutupima palepale, kati ya vitabu, bure. Jamani, nilicheka leo mpaka mbavu zikauma. Sijacheka hivyo tangu msiba.

Njoo, dada. Waache hao mbuzi wako hata siku mbili.

Mdogo wako,
Wilhelmina

*

Malampaka,
15 Juni 2024

Wilhelmina,

Marahaba. Barua yako imefika na nimeisoma, ingawa umeandika kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

Maktaba ni ya wanafunzi. Mwanamke wa miaka yako anayenyoosha viungo mbele ya Mayige, tena mchana, angekuwa hapa Malampaka tungeita kikao cha ukoo. Viungo vyako vingekuja huku vinyooke kwenye pamba yangu. Imepasuka shamba zima na wachumaji hawapatikani.

Lakini hilo la presha nimelisoma mara mbili. Hujasahau mama alivyokwenda. Alitoka asubuhi anaimba, mchana tukamkuta amelala juu ya pamba aliyoichuma, mdomo umekwenda upande. Hakuna aliyewahi kumpima kitu. Ulikuwa mdogo, lakini wewe ndiwe uliyemfikia kwanza, na mimi ndimi niliyekutoa pale kwa nguvu. Tumebaki wawili, Wilhelmina. Akipatikana huyo mtaalamu, upimwe, uniandikie namba. Usiniandikie habari, niandikie namba.

Mimi ni mzima. Masikio tu yananivumia kama treni inapita, hata siku ambayo treni haipo.

Dada yako,
Minza

*

Bariadi,
Alhamisi, 20 Juni 2024

Dada, shikamoo!

Leo ndiyo leo! Mtaalamu amepatikana! Nesi ameanza kuja, na maktaba imejaa hadi wengine wamekalia madirisha. Wamama wa kanisani wamekuja, na wazee wa ng'ombe kutoka vijijini wamekuja na fimbo zao, wakaambiwa waziegemeze kwenye kabati la magazeti. Ungeona lile kabati!

Mzee Mayige amepimwa, akatangaza mwenyewe namba yake kama matokeo ya uchaguzi: mia na hamsini kwa tisini. Ameambiwa apunguze chumvi, akasema mke wake ndiye apunguziwe. Bibi mmoja wa mtaa wa pili alikutwa na mia na themanini, akapelekwa hospitali palepale, na jioni hii nimesikia ameshaanzishiwa dawa. Fikiria, dada! Mtu ameingia kusoma hadithi, ametoka ameokolewa!

Kisha Precious akaweka ngoma ya bugobogobo, ile ya kuchezwa na majembe, kwenye simu yake ili tufanye mazoezi. Kosa kubwa! Wazee walikamata kila kilichokuwa mbele yao badala ya jembe, mmoja kamusi, mwingine ufagio, na Precious akawa anakimbia huku na huku anasema "Jamani kamusi, jamani kamusi!" Mimi sikuona mwanzo wake vizuri kwa sababu nilikuwa nyuma kidogo natafuta kitabu cha kilimo cha vitunguu.

Pole na pamba. Nakuletea dagaa nikija.

Wilhelmina

*

Malampaka,
29 Juni 2024

Wilhelmina,

Nimepokea presha ya Mayige. Nimepokea presha ya bibi wa mtaa wa pili. Kama kuna presha ya paka wa maktaba nayo itume.

Yako iko wapi?

Na vitunguu hivyo ulivyokuwa unavitafuta nyuma ya makabati watu wakipimwa, utavipanda wapi? Kwenye saruji ya Elia? Nimekulea. Ukidanganya, unataja kilimo.

Nasubiri namba.

Minza

*

Bariadi,
Alhamisi, 4 Julai 2024

Dada mpendwa, shikamoo tena na tena,

Usinikasirikie. Haya, nasema.

Nesi mwenyewe ni Sylvester. Mkwilima wangu! Mume wa Flora, binti yangu!

Siku ile ya kwanza nimekaa mstari wa mbele, mkono nimeshaukunjua, mlango unafunguka, naona begi la nesi, naona viatu, napandisha macho, Mungu wangu, mkwe! Tangu walete ng'ombe wa mahari hatujawahi kukaribiana zaidi ya upana wa barabara. Yeye akiniona njiani anachepuka kwenye majani, mimi najitanda khanga natazama upande, tunasalimiana kupitia kwa Flora. Ndivyo tulivyolelewa. Sasa huyo huyo anishike mkono mtupu, anifunge mkanda juu ya kiwiko, asikilize moyo wangu unavyopiga? Mbele ya Mayige?

Nikajitanda mpaka puani nikatokea mlango wa nyuma, kule wanakoweka ndoo. Lakini ngoja, dada. Naye aliponiona, maskini, aliachia begi likaanguka puu, akajitupa nyuma ya kabati la vitabu. Precious akabaki katikati ya chumba anauliza, "Kuna nyoka?" Wazee wote wakaelewa, yeye peke yake hakuelewa. Alipofafanuliwa akasema, "Lakini ni nesi!" Mayige akamjibu, "Binti, unesi kaajiriwa, ukwe kaoa."

Tangu hapo kila Alhamisi nafika mapema, nasoma, nanyoosha viungo, na begi la Sylvester likitokea getini mimi natoka kwa mlango wa ndoo. Zahanati ya karibu napo ni yeye. Hospitali kubwa nilikwenda nikakaa foleni, nikaona wanaoitwa wanatoka wanalia, nikarudi nyumbani.

Ndiyo, kichwa kinaniuma asubuhi. Ndiyo, nikifagia nasimama katikati ya uwanja nishike kitu. Nasema ni jua. Naogopa, dada. Namwona mama pale juu ya pamba, nawaza, kama ndivyo ilivyo, heri nisijue. Huku maktaba nina furaha sana, sitaki mtu aniletee namba ya kuiharibu.

Usimwambie Flora.

Wilhelmina

*

Malampaka,
10 Julai 2024

Wilhelmina,

Mficha maradhi, kifo kitamuumbua.

Pamba ioze. Mbuzi nimemwachia jirani. Jumatano ijayo nashuka stendi ya Bariadi, na Alhamisi nitakushika shingo mpaka kwenye hicho kiti chenye mto. Mkwe ni mkwe, sikatai, hata mimi, mama mkubwa wa Flora, ni mkwe wake vilevile. Lakini mwili nao una haki yake. Tutapata njia.

Mlango wa ndoo nitaukalia mwenyewe.

Minza

*

Malampaka, nyumbani kwako,
26 Julai 2024

Dada Minza, shikamoo. Umeamkaje huko Bariadi? Umemeza dawa?

Mbuzi wako wazima, ila yule mweupe ana tabia zako. Pamba nimepata vibarua wawili, nami nachuma asubuhi kabla ya jua. Usiwe na wasiwasi. Elia amesema ukae kwake mpaka daktari aseme basi, na mimi nitakaa hapa kwako muda wote huo. Tumebadilishana vitanda!

Nacheka peke yangu shambani nikikumbuka Alhamisi ile ya maktaba, halafu nikimaliza kucheka namshukuru Mungu. Lile wazo la Precious lilikuwa la akili: kama nesi hawezi kuwagusa wakwe zake, basi bibi ampime bibi. Mashine yenyewe ya betri, inaandika namba, haitaki kusikilizwa. Sylvester wa watu akatolewa kiti barazani, akakaa ametupa mgongo dirishani, anasema funga mkanda hivi, kaa dakika kadhaa bila kuongea, miguu chini, na Precious ndani anarudia kwa mikono. Wote wenye masikio tulikosea. Wewe usiyesikia uliangalia tu mikono ya Precious, ukapatia mara ya kwanza!

Kisha ukajifunga mwenyewe ule mkanda ili kunionyesha mimi mwoga. Ukanitazama hivi, kidevu juu. Mashine ikanguruma, namba ikatoka, na Precious akaacha kutabasamu. Mia na tisini na nane kwa mia na ishirini. Mkapima tena, ikawa ileile. Akaiandika kwenye karatasi akaipitisha dirishani, na hapo, dada, wewe hukusikia, kwa hiyo nakwambia: Sylvester alipiga kelele, "Mama mkubwa asiinuke! Tafuteni gari!" Aliingia ndani mbio mpaka katikati yetu, ndipo akakumbuka. Akageukia ukuta. Lakini hakutoka. Aliendelea kutoa amri anatazama ukuta, mleteeni maji, mfungulieni dirisha, piga simu hospitali, mpaka gari likaja na Mayige akakushika mkono.

Daktari aliniambia ungechelewa wiki chache tu, basi. Ile treni ya masikioni mwako, dada, nayo wanaichunguza.

Nilikuwa nimekuita uje unione ninavyofurahi. Kumbe nimekuita uishi.

Wilhelmina

*

Bariadi,
2 Agosti 2024

Wilhelmina,

Marahaba. Dawa nimemeza, usiniulize tena kama mtoto.

Nina habari. Jana mimi ndiye niliyepima wazee wote wa Alhamisi! Wanawake wanasimama foleni kwangu, wanasema mkono wa Minza hautetemeki. Ninaye na msaidizi, Mayige, ananiandikia namba, na akiongea sana namwambia sisikii. Presha yangu imeshuka, daktari kafurahi, na ule uvumi wa masikioni umepungua. Sijapona ukiziwi, lakini usiku sasa ni usiku kweli.

Tena nasoma! Precious kanipa vitabu vya maandishi makubwa, nimemaliza cha kwanza siku mbili, nikamrudishia nikamwambia mwanamke aliyemo humo ni mjinga, alete mwingine. Maneno yangu kuhusu wanafunzi nayafuta. Nyani haoni kundule. Nilikuja kukushika shingo, kumbe yangu ndiyo ilikuwa kwenye kitanzi.

Na hapo ndipo jana nilipokumbuka kitu, nikasimama katikati ya maktaba na mkanda mkononi. Wewe! Siku ile kila mtu alinikimbilia mimi. Kisha ukakaa hospitali nami, kisha ukapanda basi kwenda kwa mbuzi wangu. Mkono wako haukupimwa! Umetoroka tena, safari hii kwa mlango wa ugonjwa wangu!

Jumanne narudi. Mashine nakuja nayo. Ndiyo, imeazimwa! Precious kaiandika kwenye kadi yangu kama kitabu, nakaa nayo wiki mbili kisha nairudisha, na wengine watafuata zamu. Watu wa Malampaka wajipange.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine. Kaniletea Precious, aliyeiandika alikuwa amesimama nje ya geti. Sijaifungua, si yangu.

Minza

*

Bariadi,
2 Agosti 2024

Kwa Mama Wilhelmina,

Shikamoo Mama. Ni mimi Sylvester, mkweo.

Naomba radhi kukuandikia moja kwa moja. Nimemwuliza baba yangu mdogo kama inaruhusiwa, akasema hajui, kwa sababu zamani wakwe hawakuandikiana. Akasema karatasi haina uso, jaribu.

Mama, sikupelekwa maktaba na mtu yeyote. Flora aliniambia mwezi wa sita kwamba unashika kichwa asubuhi na kwamba kuna siku alikukuta umesimama uwanjani umeshika ukuta. Kuja kwa Elia na mashine nisingeweza. Ndipo Flora akasema, mama amepata mahali, kila Alhamisi yupo huko, anafurahi mno. Nami Alhamisi ndiyo siku yangu ya mapumziko. Nikaenda kwa Precious nikamwomba anipe meza. Nilidhani kati ya watu wengi, mkono wako utakuwa mkono mmoja tu katika foleni, nitaupima macho chini, na hakuna atakayesema kitu. Sikufikiri kwamba nitakimbia mimi kwanza.

Wazee wengi wamepimwa kwa sababu yako, na Mama mkubwa yupo hai kwa sababu yako. Wewe tu ndiye sijui habari zako.

Nakuomba upime, Mama. Flora hajui nimeandika. Naogopa. Sitaki siku yangu ya kwanza kukushika mkono iwe siku ambayo huwezi tena kuuondoa.

Mkweo,
Sylvester

*

Malampaka,
9 Agosti 2024

Sylvester, mkwe wangu,

Marahaba. Mbuzi wote wamenishangaa nilivyokuwa nasoma barua yako, nalia, nacheka, nakaa chini, nainuka. Kwa hiyo ni wewe! Na mimi nilivyokuwa nakulaani kimoyomoyo kila Alhamisi, namwambia Mungu, huyu mtu hana siku nyingine ya kufanya kazi? Asante, wabeja sana, baba. Wabeja sana.

Dada Minza alishuka Jumanne, begi moja la nguo na mashine kaikumbatia kifuani. Hakunisalimia. Alisema, "Toa mkono." Nikatoa. Nikafumba macho. Alipoona namba alinifunga mkanda upya, nami nikajua.

Mia na sabini na mbili kwa mia. Jana asubuhi amenipima tena, mia na sitini na tisa kwa tisini na nane. Leo hivyohivyo.

Na unajua ajabu yake? Nilidhani nikiijua nitaanguka papo hapo. Sikuanguka. Nilikwenda nikapika ugali, tukala, dada akaficha chumvi, tukagombana. Nimelala usingizi mzuri kuliko mwaka mzima uliopita. Namba ni namba tu, kumbe. Kilichokuwa kinaniua ni kuikimbia.

Sijamwambia Flora wala Elia. Nakuambia wewe kwanza, kwa sababu wewe ndiwe uliyeuliza kwanza.

Pamba imekwisha, dada anasema ana nguvu za kutosha kubaki na majirani, na foleni ya wanaotaka kupimwa imeshafika kwenye zizi lake. Jumatano napanda basi kurudi. Hospitali nitakwenda, naahidi, lakini kabla ya huko Alhamisi nitakuja maktaba. Wewe usikae barazani. Jua ni kali, na wazee wanakuhitaji ndani.

Nitakaa kiti cha mwisho, karibu na dirisha. Nitajitanda khanga yangu, nitatazama nje kama inavyopasa. Usinisemeshe, nami sitakusemesha.

Mkono nitauacha juu ya meza.

Mama yako,
Wilhelmina